Kiingereza cha ziada: Pima usingizi wa mtoto kabla ya kulipa karo

Mzazi aliyejaliwa mtoto mwerevu hana raha kamili. Mwalimu akishamwambia kwamba mwanawe wa Gredi ya Tatu anasoma vitabu vya Gredi ya Tano, hapo ndipo mashauri huanza. Jirani atamwambia ampeleke akademia. Shemeji aliyeko Nairobi atapiga simu kumsifia mwalimu fulani anayefundisha Kiingereza cha hali ya juu kila jioni na kila Jumamosi. Pesa zitatafutwa, mbuzi atauzwa, na mtoto ataanza. Miezi michache baadaye mzazi huyo huja kwangu, kwa sababu mtoto anaumwa na kichwa kila mara, naye anataka dawa ya kumwezesha kuendelea na masomo hayo.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si mwalimu. Lakini kwa muda ambao nimewatibu watu wa milima hii ya Mbooni, kaunti ya Makueni, nimeona jinsi suala la Kiingereza cha ziada lilivyoingia katika chumba cha daktari pamoja na homa na kikohozi. Ndiyo maana nimeona nitoe maoni yangu. Nawalenga hasa wasomaji wa mijini, kwa kuwa wengi wenu mna watoto mliowaacha huku kwa susu zao, na nyinyi ndio mnaotuma pesa za masomo hayo.

Msimamo wangu ni huu: mtoto aliye mbele ya wenzake anastahili kupewa zaidi. Lakini zaidi hiyo isitolewe katika usingizi wake, katika mchezo wake, wala katika lugha ya nyumbani kwao. Programu ya Kiingereza inayokula vitu hivyo vitatu ni hasara, hata kama mwalimu wake ni hodari namna gani.

Kiu hii haikuanza jana

Wazazi wasilaumiwe bure. Kiu ya Kiingereza nchini Kenya ni ya zamani. Mwaka 1957 ulianzishwa mjini Nairobi mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuunga mkono. Ilikuwa mpaka mwaka 1976 ambapo Ripoti ya Gachathi ilipendekeza kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo, na Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Utaratibu huo ndio unaofuatwa hata katika mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019. Kwa maandishi, basi, mtoto wa Mbooni anatakiwa afundishwe kwa Kikamba hadi Gredi ya Tatu.

Kwa vitendo, sote tunajua hali ilivyo. Shule nyingi za kibinafsi hujitangaza kwa Kiingereza chao, na mzazi anayesikia mtoto wa jirani akikimwaga Kiingereza kanisani hujiona ameachwa nyuma. Aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake hawezi kusahau upesi ni lugha gani iliyohesabiwa kuwa ya watu wa maana.

Kiingereza si kipimo cha akili

Hapa ndipo makosa ya kwanza huanza. Mtoto anayesema Kiingereza kwa ufasaha huitwa mwerevu, na yule anayenyamaza huitwa mzito. Kitaalamu mambo hayo mawili ni tofauti. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Canada, alieleza tangu mwaka 1979 kwamba kuna Kiingereza cha kuzungumza na kuna Kiingereza cha kusomea. Cha kuzungumza mtoto hukipata kwa muda wa miaka miwili hivi akiwa katikati ya wanaokisema. Cha kusomea, yaani cha kuelewa swali la sayansi au kueleza sababu ya jambo fulani, huchukua miaka mitano hadi saba. Hakuna tuisheni ya muhula mmoja inayoweza kuikunja miaka hiyo saba iwe miezi mitatu.

Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kile mtoto anachokielewa kwa lugha yake hakipotei anapoingia katika lugha nyingine. Mtoto aliyefahamu kwa Kikamba kwamba maji hugeuka mvuke, akifika kwa Kiingereza atahitaji kujifunza neno tu. Jambo lenyewe analo tayari. Huko Nigeria, kuanzia mwaka 1970, katika mradi uliofanyiwa Ife, watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo tu na mwalimu mwenye ujuzi wa lugha hiyo. Walipopimwa, hawakuwa nyuma ya wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Kwa jumla waliwashinda, hata katika Kiingereza chenyewe.

Mwili wa mtoto una hesabu yake

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Hilo si pendekezo la kumdekeza mtoto. Ni katika usingizi ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyoyapata mchana. Mtoto asiyelala vya kutosha husahau upesi, hukasirika ovyo, na huugua mara kwa mara. Kwa hiyo ukimnyima usingizi ili asome Kiingereza, ni kama kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulikane. Msichana wa miaka 10, wa kwanza katika darasa lake, aliletwa na susu yake kwa maumivu ya tumbo yaliyomjia kila Jumapili jioni. Tulipima choo, mkojo na damu, na hatukuona ugonjwa. Nikamwomba susu anieleze siku ya mtoto huyo kuanzia alfajiri. Aliamka saa kumi na nusu ili awahi shule, kwa sababu ni mwendo wa kupanda na kushuka milima. Baada ya masomo alikwenda tuisheni ya Kiingereza kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja usiku. Kisha chakula, kisha kazi za shule na kazi za tuisheni, hadi saa nne na nusu. Msomaji, piga hesabu mwenyewe: saa 6 za usingizi. Mtoto huyo alikosa angalau saa 3 kila usiku, na kwa siku tano za shule deni lilifika saa 15. Jumapili jioni tumbo lilikuwa likimwambia kwamba juma jingine linaanza.

Nilizungumza na baba yake kwa simu. Anafanya kazi Nairobi, na si mtu mkali. Aliniambia hivi: "Daktari, mimi niliwahi kukosa kazi kwa sababu ya Kiingereza. Sitaki mwanangu apite njia niliyopita." Sikuwa na la kumbishia, kwa maana alisema kweli. Nilimwuliza tu kama aliikosa kazi hiyo kwa sababu hakusoma usiku akiwa na miaka 10, au kwa sababu shuleni kwao hapakuwa na vitabu. Akanyamaza kidogo, akasema vitabu havikuwapo. Tulikubaliana kwamba tuisheni ibaki siku moja tu kwa juma, na zile pesa nyingine zinunue vitabu vya hadithi. Maumivu ya tumbo yaliisha kabla muhula haujaisha. Darasani hakuanguka.

Jambo lingine ni macho. Mtoto anayeinamia kitabu saa nyingi, tena katika mwanga hafifu, huchosha macho, na asipotoka nje vya kutosha hatari ya kutoona mbali huongezeka. Utafiti uliofanywa katika mji wa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwahusu watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 hivi ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali kwa wenzao wasioongezewa ilikuwa karibu asilimia 40. Huku Mbooni jua na nafasi tunavyo bure. Ni ajabu tukiwafungia watoto ndani ili tuje kuwanunulia miwani.

Kisha kuna mchezo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kuchota maji na kupanda mlima kwenda shule ni mazoezi, sikatai. Lakini mchezo na wenzake una kazi nyingine: humfundisha kushindwa, kupatana na kubuni. Mtoto mwerevu anahitaji mambo hayo kama mtoto mwingine yeyote, na pengine zaidi, kwa kuwa darasani hajazoea kushindwa.

Dalili za kuangalia

Mtoto mdogo hasemi, "Nimelemewa." Mwili ndio humsemea. Mzazi au susu aangalie mambo haya:

Maumivu ya kichwa au tumbo yanayokuja siku za shule na kutoweka wakati wa likizo. Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameacha. Kukosa hamu ya chakula, hasa asubuhi. Kuuma kucha, kushtuka usingizini, kulia kwa jambo dogo. Mtoto aliyekuwa mwingi wa maneno kuwa kimya. Na dalili ninayoiogopa kuliko zote: mtoto aliyependa vitabu kuanza kuvichukia.

Ukiona dalili hizi, mlete mtoto hospitalini kwanza. Usiamue mwenyewe kwamba ni uvivu au ni masomo tu. Huenda ana minyoo, huenda amepungukiwa na damu, huenda haoni ubao vizuri. Tukishahakikisha kwamba hana ugonjwa, ndipo tutakapoiangalia ratiba yake. Na tafadhali usimpe vidonge vya kutuliza maumivu juma baada ya juma ili tu aendelee na tuisheni.

Ulimi wa mtoto hauna kasoro

Wazazi wengine huniletea mtoto wakilalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Anaposoma kwa Kiingereza, r yake huwa l. Wapo walioniuliza kama ulimi unaweza kukatwa chini ili ulainike, na wapo waliokuwa wakifikiria kumpeleka mtoto kwa mtu wa kukata kimio.

Nawaomba msifanye hivyo. Kikamba hakina sauti ya r. Mtoto aliyelelewa kwa Kikamba anatumia sauti aliyonayo iliyo karibu, jinsi Mwingereza anavyosumbuliwa na ng' ya ng'ombe. Hiyo ni lafudhi, wala si ugonjwa, na hupungua kadiri anavyosikia na kusoma. Kukata kimio hakumsaidii mtu kutamka. Kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi na maambukizo ambayo yanaweza kuua.

Kinachostahili kupimwa ni masikio. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni, anayeomba aambiwe jambo mara mbili mbili, au anayetatizika kutamka hata maneno ya Kikamba yaliyo mepesi kwa wenzake wa rika lake, huyo apelekwe hospitalini. Tatizo lake si Kiingereza.

Lugha ya susu

Wengine huambiwa na walimu wa programu hizi kwamba nyumbani pasisemwe Kikamba kabisa, eti kitamchanganya mtoto. Ushauri huo hauna msingi. Ubongo wa mtoto unaweza kubeba lugha mbili, hata tatu, bila kudhurika. Akichanganya maneno leo, hiyo ni hatua ya kawaida ya kujifunza.

Hebu fikiria inamaanisha nini kuipiga marufuku lugha hiyo katika nyumba ya Mbooni, milima ambayo kwa masimulizi ya wazee ndiko Wakamba walikotawanyikia. Anayemlea mtoto ni susu. Hadithi, maonyo, na habari za ukoo, vyote viko katika Kikamba. Mtoto akikatazwa kusema na susu kwa lugha anayoijua susu, hatazungumza naye kwa Kiingereza, atanyamaza. Na mtoto asiyezungumza na mlezi wake hana wa kumwambia kwamba tumbo linamwuma, kwamba anaogopa, au kwamba kuna mtu anayemtendea vibaya njiani. Hapo tumetoka katika mambo ya lugha, tumeingia katika usalama wa mtoto.

Wanaonipinga

Najua nitaambiwa, "Daktari, wewe ulisoma Kiingereza ukapata shahada, sasa unawafungia wengine mlango." Hoja hiyo ina uzito. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Masomo kuanzia Gredi ya Nne ni kwa Kiingereza. Mtoto wa tajiri wa Nairobi ana vitabu na anakisikia Kiingereza nyumbani, na mtoto wa Mbooni asiposaidiwa ataachwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yenyewe inawataja watoto wenye vipawa maalumu miongoni mwa wale wenye mahitaji maalumu. Kwa hiyo kumtafutia mtoto mwerevu msaada si majivuno.

Jibu langu ni kwamba msaada anaouhitaji si wingi wa saa. Mtoto aliye mbele anahitaji kina. Apewe kitabu kizuri akisome kwa raha yake, kisha asimulie alichosoma, kwa Kiingereza kama anaweza, kwa Kikamba au Kiswahili kama bado. Aandike barua kwa baba yake aliye mjini, na baba aijibu. Tuisheni nyingi nilizoonyeshwa madaftari yake hazifanyi hivyo. Zinarudia mazoezi ya darasani na majibu ya kuchagua, jambo linalomchosha mtoto mwerevu kuliko yeyote mwingine, kwa kuwa aliyajua tangu asubuhi.

Tena ile haraka ya zamani imepungua sababu. Mtihani wa KCPE, uliokuwa ukiwachuja watoto, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Leo mtoto akimaliza Gredi ya Sita hufanya tathmini ya KPSEA, kisha huendelea na Gredi ya Saba. Anao muda. Tumwachie.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla hujatuma pesa, mwulize mwalimu wa programu hiyo maswali haya matano.

Kwanza, masomo ni saa ngapi? Kanuni za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kinachoongezwa hapo kisimzuie mtoto kufika nyumbani mchana wala kulala saa mbili usiku ikiwa ni lazima aamke saa kumi na moja. Na kama ni masomo ya likizo, jua kwamba sheria ile ya mwaka 2013 imeyapiga marufuku.

Pili, kuna vitabu vya kusoma, au ni karatasi za maswali tu? Omba kuviona.

Tatu, mtoto akisema Kikamba atafanywa nini? Ukisikia habari za kibao, faini au kiboko, ondoka. Sheria hiyo hiyo inakataza adhabu ya kupigwa na mateso ya kiakili shuleni.

Nne, wako wangapi darasani? Mtoto mmoja kati ya hamsini hapati nafasi ya kufungua kinywa, na lugha haijifunzwi kwa kusikiliza tu.

Tano, na swali hili mwulize mtoto mwenyewe: unataka kwenda? Mwulize tena baada ya mwezi mmoja. Jibu likibadilika, lichukulie kwa uzito ule ule unaoupa ripoti ya mwalimu.

Kama bado una shaka kuhusu kipawa cha mtoto, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Huko watampima kwa utaratibu, badala ya wewe kutegemea sifa za majirani.

Kwa nyinyi mlio mijini nina ombi la mwisho. Mnapokuja Mbooni, punguzeni mkate na soda, leteni vitabu viwili vitatu na taa nzuri. Kisha ketini na mtoto, awasomee ukurasa mmoja kwa Kiingereza, na amfafanulie susu yake kwa Kikamba. Programu bora kuliko hiyo sijaiona, na hakuna mtoto aliyewahi kuletwa kwangu kwa sababu imemdhuru.